Dashboard iliniambia kilomita 48, mzee wa watu akaishia kusukuma gari

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikuta mwenyewe, sijatia chumvi, na aibu yake bado ninayo.

Nina kagari kangu kadogo, used ya Japani, dashboard full digital. Inakuandikia hadi kilomita ulizobakiza kabla mafuta hayajaisha. Wiki hiyo vimstari vya mafuta vilikaa vitatu siku tano mfululizo. Nikawa nawatambia watu kazini kwamba gari yangu inanusa mafuta tu, hainywi.

(Hapo mwenye akili angeshtuka. Mie nilifurahi.)

Jumamosi nikapewa kazi ya kumpeleka baba yake Mwanaidi kutoka Kiwalani hadi Kawe. Mwanaidi ndiye niliyepeleka posa kwao, na mzee alikuwa hajajibu. Kawe alikuwa anakwenda kumuozesha binti wa marehemu kaka yake. Yeye ndiye walii, asipofika hakuna ndoa. Nikajua kabisa hapa nafanyiwa interview.

Mzee ni dereva mstaafu wa malori. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, swali la kwanza: "Mafuta yapo?"

Nikamwonyesha skrini. "Kilomita 48 mzee. Inapiga hesabu yenyewe."

"Mie tenki nilikuwaga napima kwa fito," akasema, akafunga mkanda.

Kwenye mteremko kabla ya Ubungo, 48 ikapanda ikawa 53. Nikajisahau. "Umeona mzee? Tunatembea na yanaongezeka!"

Mzee akaukaza mkanda wake.

Kufika Mwenge gari ikakohoa, ikazimika. Skrini bado inasema 46.

Mzee akateremka, akakunja kanzu yake nyeupe, akaenda nyuma. Nikakimbilia kumzuia.

"Rudi kwenye usukani," akasema. "Sheli ile pale. Usukani angalau unaujua."

Wakuu, nilimuona kwenye side mirror, kanzu kiunoni, anasukuma. Nilitamani ardhi inimeze. Ndoa tuliiwahi, shehe ameshaanza kuangalia saa.

Fundi alikuta boya la ndani ya tenki, lile linalopima mafuta, limekwama. Kompyuta hesabu inazijua, ila ilikuwa inahesabu mafuta ya wiki iliyopita. Siku hizi nikijaza full tank nairudisha sifuri trip meter, ile inayohesabu kilomita nilizotembea, ndiyo ninayoiamini.

Jibu la posa lilikuja baadaye: nimekubaliwa. Barua ililetwa pamoja na fito, imechongwa alama kwa kisu.

Kwenye tenki langu haiingii, nimejaribu. Lakini Mwanaidi hapandi gari mpaka aione iko siti ya nyuma.

Haya, nyie dashboard zenu ziliwaacha wapi? Semeni, nisiaibike peke yangu.