Kigoda cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipotoka hospitali kule Upper Hill, nyonga ikiwa imeungwa kwa chuma, alikuwa na ombi moja tu: aoge peke yake. Hakuomba nyama wala blanketi jipya. Alikaa kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtaani Ngara, maana kwetu magharibi mwa nchi mama halali nyumbani kwa mkwewe. Kila asubuhi mke wangu alikwenda kumwogesha, mlango wazi, asije akateleza. Mama wa watu alikuwa akipakwa sabuni huku analia kimyakimya kwa aibu. Mke wangu aliponisimulia, tukaanza kumtafutia kitu cha kukalia bafuni.

Kiti cha plastiki kilipanua miguu. Kigoda cha mbao kilivimba, kikaanza kuoza. Basi nikajiuliza, kwani mimi kazi yangu ni nini? Natengeneza mbao za mchanganyiko katika karakana moja Kangemi: tunasaga mitungi ya plastiki, tunaiyeyusha pamoja na unga wa mbao wa maseremala, na mashine inasukuma nje ubao. Wanaonicheka kwamba narudi nyumbani nikinuka mitungi, wacheke tu. Kazi hii naipenda, na namshukuru Mungu kunipa.

Vipimo navyo vilikuwa kasheshe. Mimi na mama mkwe hatupeani mkono wala hatukai meza moja. Ningemwulizaje goti lake liko juu kiasi gani? Akaniletea, kwa mkono wa mke wangu, uzi aliouchomoa kwenye leso, umepigwa fundo pale goti lilipofika. Nikauliza na uzito. Jibu likaja: "Mwambie mimi si gunia."

Cha kwanza nilikiunda kwa mbao zetu zilizobaki, zile za kujengea ua. Nikakikalia mbele ya mke wangu, kikavunjika, nikajikuta sakafuni.

"Heri umeanguka wewe," akasema.

Nilitaka kukitupa jalalani, lakini hasira hasara. Nikaokota vipande, nikatazama palipovunjika. Nyuzi za mbao zilikuwa zimechomoka nzimanzima, zimeacha vitundu safi ndani ya plastiki. Hazikukatika, maana yake hazikuwa zimeshikwa. Mbao hupenda maji, plastiki ina asili ya mafuta. Ukivichanganya hivi hivi vinakaa kama majirani wasiosalimiana. Kwa ua inatosha. Kwa mama mtu, hapana.

Safari ya pili nikaukausha unga hadi ukawa mwepesi mkononi, kwa sababu unyevu ukiingia mashineni hugeuka mvuke, nao huacha mapovu ndani ya ubao. Kisha nikatia punje za dawa ya kushikanisha. Hiyo ni plastiki iliyotengenezwa makusudi: upande mmoja unang'ang'ania mbao, upande wa pili unajisokota ndani ya plastiki nyingine. Kwa lugha ya nyumbani, ni mshenga. Nikavunja kipande cha majaribio kwa nyundo, nikakitazama dirishani. Sasa nyuzi zilikuwa zimeraruka katikati, nusu huku, nusu kule. Nilifurahi mpaka nikaimba. Kipande kingine nikakizamisha kwenye ndoo ya maji wiki nzima, na hakikuvimba cha kuonekana.

Jumamosi tukapeleka kigoda kipya Ngara. Mke wangu akaingia nacho; mimi nikabaki ngazini, kama inavyompasa mkwe. Nikasikia kigoda kikiburutwa, kisha maji yakimwagika. Kikivunjika, na nyonga ile bado changa, sikutaka hata kulimaliza wazo lenyewe.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe. "Haya, toka."

"Mama, ngoja nikushike kidogo."

"Nimesema toka. Nimekaa vizuri."

Mke wangu akatokea ngazini, kitambaa cha kuogea kikimchuruzika maji mkononi. Nyuma yake tukasikia komeo la bafu likivutwa kutoka ndani.

"Amenifungia nje," akasema.

Tukaketi pale ngazini. Nililia waziwazi, na sikuona haya. Mama alioga muda mrefu sana, na hakuna aliyembishia hodi.