Salamu Zangu kwa Kamati

Nimefundisha Uraia mpaka nikastaafu, na kama kuna somo nililoweza kulimwaga bila kumeza mate, ni safari ya muswada. Unasomwa mara ya kwanza, hapo ni jina tu. Unakwenda kwenye kamati. Unarudi bungeni kusomwa mara ya pili na kujadiliwa, wabunge wanaupitia kifungu kwa kifungu, unasomwa mara ya tatu na kupitishwa. Rais akisaini, ni sheria.

Kwa hiyo redio ilipotangaza muswada wa kupiga marufuku kuanika dagaa mchangani, wanawake wa Katonga, mtaa wetu wa kando ya ziwa, walinijia mimi. Mke wangu alitangulia, maana ameanika mchangani tangu nimwoe. Hawakukataa kujenga vichanja vya miti vya kuanikia. Walitaka tu wapewe msimu mmoja wa kuvijenga.

"Mlango wa mwananchi ni kamati," nikawaambia kwa sauti ya darasani. "Ukifungwa huo, tutabaki kusikiliza redio."

Wakanituma Dodoma. Mke wangu akashauri niandike maoni yetu. Nikacheka. Mwalimu mzima nisome karatasi?

Zamu yangu ilipofika, mwenyekiti akasema, "Karibu mzee, una dakika chache." Sasa, kwetu ukimwangukia mtu na shida yako kabla hujamjulia hali, watu watauliza ulilelewa na nani. Nikapiga makofi taratibu, nikasema, "Mwakeye!" Nikawaeleza kuwa ndivyo tunavyoamkiana kwa Kiha. Nikawapa pole ya kazi, nikaulizia familia zao, nikafikisha salamu za Katonga, za Kasingirima, na za shemeji yangu wa Kidahwe ambaye hata hakujua nimesafiri. Wabunge wakatabasamu. Nami nikanogewa.

"Baada ya salamu hizo..." nikasema.

"Tunashukuru sana. Muda wako umekwisha, mzee. Yaliyobaki tuletee kwa maandishi."

Maandishi gani? Nilikuwa na tiketi ya basi tu.

Niliporudi niliwaambia wanawake kwamba nimepokewa vizuri, na kweli nilipokewa vizuri. Mke wangu hakuridhika. Alinibana jioni ile hadi nikamsimulia yote. Hakunigombeza. Siku ya kusomwa mara ya pili akawasha redio, tukasikiliza vifungu vikipita. "Wanaoafiki waseme ndiyo." "Ndiyooo!" Hakuna aliyetaja msimu wa kujenga. Angeutajaje, na mimi nilikuwa nimemtaja shemeji?

Rais akasaini, sheria ikaanza. Dagaa wa mke wangu wakakataliwa mnadani kwa sababu ya mchanga. Alisimama nao juani mpaka wanunuzi wakaondoka, nami nikasimama nyuma yake. Niliona aibu mpaka nikakosa pa kutazama.

Asubuhi iliyofuata nilibomoa kibanda changu cha kusomea magazeti ili tupate miti ya kichanja. Nikamkuta mke wangu ameshapiga magoti, nyundo mkononi.

"Mwakeye, mama," nikaanza. "Umeamkaje? Na hao watoto..."

Hakuinua kichwa.

"Muda wako umekwisha, mzee. Shika huo mti."