Neno Alilolikataza Delphine

Dada yangu Delphine anahudumia wazee katika nyumba ya masista, hapa Ibanda. Wengi wanaletwa pale wakati dawa ya kuwaponya haipo tena. Anawaosha, anawalisha, na hali ikigeuka anawapigia jamaa zao simu. Watu wanaona kazi hiyo ya simu ni ndogo. Mimi ndiyo ninayojivunia.

Baba yetu, Papa Akonkwa, naye aliishia pale, na kansa ya ini. Siku moja Delphine akiwa misani, mwenzake Nathalie alimpigia kaka yetu Philémon, anayeuza mchele Kamanyola. Papa alikuwa amesumbuliwa sana na maumivu, kisha dawa ikamtuliza. Nathalie akasema kwa upole: "Papa amepumzika."

Kwetu, anayesemwa hivyo amekufa. Philémon aliangua kilio palepale sokoni, akakodi viti na mashitingi, maturubai ya matanga, akanipigia simu, akapanda gari. Mimi nikawaita wanakwaya. Tulipoingia, marehemu alikuwa amekaa kitandani, anakunywa uji wa masaka, mtama wa kwetu.

"Munalia nani?"

"Wewe, Papa."

"Basi mulie kwa nguvu, nisikie."

Tulicheka mpaka machozi. Kabla ya kurudi, Philémon, mtoto wa kwanza, alipiga magoti aombe baraka. Papa akamsukuma: "Baraka ya mwisho inatolewa mwisho. Utakuja tena."

Delphine hakucheka. "Atakuja?" aliniuliza kando. "Tumemudanganya mara moja. Siku ya kweli hataamini."

Tangu hapo alilikataza neno lile kwenye simu. Aliwaambia wenzake: semeni munachokiona. Amelala. Anapumua. Amekataa chakula. Haitiki tukimwita.

Siku yenyewe ilipofika, alipiga mwenyewe, nami nilikuwa karibu yake.

"Kaka, Papa hajafa. Miguu iko baridi, pumzi inakatika-katika, maji hamezi tena. Njoo leo, usingoje kesho."

"Tena? Nikodi viti?"

"Acha viti. Leta kichwa chako akibariki."

"Wewe mwenyewe umeona?"

"Mimi mwenyewe. Niko namushika mukono."

Alifika mchana, viatu vimejaa vumbi. Papa hakuweza kusema tena. Delphine aliinua kiwiko cha Papa tu. Kidole cha Papa chenyewe kikachora msalaba kwenye paji la uso la Philémon, polepole, bila kukosea. Tukaanza rozari. Hatukuimaliza, pumzi ikakoma.

Delphine alimfumba macho. Ndipo akalisema, kwa sauti ya kawaida: "Papa amepumzika."

Ninamlilia baba yangu kila siku, na kila siku ninamshukuru Mungu kwa dada huyu. Jioni ile Philémon alitoka nje na simu, nikamsikia akibishana na mwenye viti wa Kamanyola:

"Hapana, ndugu, mara hii ni kweli. Delphine ndiye amesema."