Bunduki Nyuma ya Kiti cha Pikapu

Asubuhi hiyo uani kwetu, mtaa wa Baba Dogo, tulikuwa watano. Mimi, mume wangu aliyekuwa dereva wa tajiri mmoja wa mbao, mama yake mzazi, aliyetoka Murang'a jana yake akalala kwetu, mdogo wake mume wangu, ambaye ndiye tulikuwa tunaenda kumtolea mahari, na mwenye duka la pembeni, Mswahili wa Mombasa, aliyekuja kutusaidia kupakia. Majina yao ninayo yote, hata la mbwa wa tajiri. Siyaandiki kwa sababu walio hai sijawaomba ruhusa.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini, Jumamosi. Tajiri alimwazima mume wangu pikapu, kama alivyowaazima wafanyakazi wake kila palipokuwa na shughuli. Nyuma tulipakia kreti za soda, ndizi, na blanketi la mama wa bibi harusi. Blanketi hilo sikutaka lishike vumbi, kwa hivyo nikainamisha kiti cha mbele nilifiche huko nyuma yake. Mkono ukagusa chuma. Nikafunua gunia. Bunduki!

Mume wangu alipoiona alicheka kidogo. "Ni ya mzee. Jana alienda nayo shambani kufukuza nyani, akaisahau. Rudisha gunia twende."

"Gari hili haliendi popote," nikamwambia.

Sasa mjue kwamba shule niliacha darasa la pili. Lakini miaka minne nilikuwa nauza chai na mandazi nje ya korti, na wateja wangu walikuwa askari, makarani na watu waliokuja kusikiliza kesi za ndugu zao. Neno hilo nililisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia bei ya sukari: bunduki ni ya mwenye cheti, haiachwi mikononi mwa mtu mwingine, na ikisafiri ndani ya gari isafiri bila risasi, mwenyewe akiwa papo hapo. Niliwaona akina mama wakilia nje ya korti ile kwa sababu mtoto wao alisema, "Si yangu, ni ya bosi." Bosi hakuwa ndani ya gari. Aliyefungwa ni aliyeshika usukani.

Mama mkwe akasimama na kikapu chake cha kiondo. "Tangu lini chai imekuwa wakili? Wale watu wanatungoja saa nne!"

"Mama, barabarani kuna kizuizi cha polisi. Wakiikuta, mwanao analala ndani."

"Basi tuiache chini ya kitanda," akasema shemeji.

"Chini ya kitanda cha nani? Hapo itakuwa yetu."

"Nimrudishie upesi," mume wangu akasema.

"Na njiani utakuwa umebeba nini, mboga?"

Nilimjua: hakuogopa polisi, aliogopa kumwita tajiri Jumamosi kama mtoto anavyoitwa nyumbani. Alinivuta kando. "Mama watoto, atanifuta kazi."

"Akikufuta utapata nyingine. Ukifungwa je?"

Mwenye duka akamshika bega. "Njoo dukani, simu iko wazi. Mwambie aje na cheti chake."

Tajiri alifika baada ya saa nzima, uso umevimba kwa hasira. "Kwa jambo dogo hivi mnaniita?" Akaitoa ile bunduki kwenye gunia, akaikunja katikati kutuonyesha kwamba ni tupu.

Risasi mbili zikaanguka kwenye saruji, tik, tik.

Mama mkwe alikiangalia kiti ambacho angekalia, kisha akaniangalia mimi. Tajiri akaziokota, akanigeukia. "Mama, nani alikufundisha mambo haya?"

"Wateja wangu."

Aliondoka nayo kwa gari lake, na mume wangu hakufutwa kazi.

Tulipofika kwenye kizuizi askari walituteremsha wote. Waliinua viti, wakafunua hata ndizi. Mume wangu alisimama kando ya barabara amekunja mikono, na niliona shati lake limelowa mgongoni ingawa kulikuwa na baridi. "Nendeni," askari akasema, "mtachelewa."

Tulikuwa tumeshachelewa. Shangazi za bibi harusi walikuwa wamefunga lango na wanaimba kwa kejeli kwamba labda tumekuja kwa miguu. Walitutoza faini ya kreti moja ya soda ndipo wafungue. Mama mkwe, ambaye sijawahi kumwona akitoa faini bila kubishana, aliibeba kreti mwenyewe akaiweka chini langoni. "Chukueni," akawaambia. "Dereva wetu yuko hapa, na huyu wa chai ndiye aliyemleta."

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Huenda sheria nimeieleza kwa maneno ya wateja wa chai, na huenda faini ilikuwa kreti mbili. Aliyekuwepo, au anayejua zaidi, aje anisahihishe. Lakini kwamba risasi zilikuwa mbili, hapo asijisumbue.