Nusu Milimita ya Hui-lan

Shih Su-e hakuzaliwa na wivu. Ulimwingia ukubwani, asubuhi ile Bosi Tan alipomleta Ko Hui-lan katika chumba cha kuchorea, akamketisha meza ya pili kutoka dirishani na kusema, "Huyu alikuwa anachora makasha ya simu kule Hsinchu. Mtamkoma."

Kabla ya hapo, katika karakana ile ya koki za maji hapo mjini Lukang, hakukuwa na mtu wa kugusa kingo kama Su-e. Watu hudhani koki huuzwa kwa maji inayoyatoa. Wapi! Koki huuzwa kwa kingo zake. Kwenye kompyuta kila umbo huanza na kona kali. Unabofya ukingo, unaandika kipimo, programu inaukata mshazari, na palipokuwa na kona panabaki kibapa chembamba kinachoshika mwanga. Ukikosea kidogo tu, koki nzima inaonekana ya bei rahisi. Su-e alikuwa na jicho la kazi hiyo, na hakuweza kulipumzisha. Hata kwenye harusi ya mpwa wake alikwenda kukagua koki za ukumbini, akarudi amenuna.

Sasa amekuja Hui-lan, kucha zimepakwa rangi ya chai ya maziwa, na kila anachokichora kinang'aa. Bosi Tan alikuwa akisimama nyuma ya kiti chake na kikombe mkononi, anatazama mpaka chai inapoa. Nyuma ya kiti cha Su-e alipita tu, kama mtu anayewahi msalani. Su-e aliyaona yote hayo, akayahesabu.

Mkuu wa chumba alipostaafu, kiti chake cha dirishani kikabaki wazi. Wakati huohuo mnunuzi mmoja Mjerumani akataka kishikio kipya cha koki. Bosi akampa Hui-lan kazi hiyo mbele ya watu wote. "Mnunuzi akikikubali, kiti ni chako," alisema. "Kikikwama, Su-e atakimalizia na kiti atakikalia yeye." Su-e alitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Siku chache baadaye Hui-lan alimwita. "Dada Su-e, hebu nitazamie. Hizi kingo nimezikata nusu milimita. Zimekaaje?"

Su-e aliinama kwenye skrini na akaliona kosa papo hapo. Makasha ya simu aliyoyazoea Hui-lan hayakuwa yakisuguliwa baada ya kukatwa. Koki husuguliwa. Fundi A-hok huikandamiza kwenye gurudumu la kitambaa mpaka ing'are, ndipo ikapakwe kromu, na gurudumu lile hula kingo. Nusu milimita ingetoka imelambwa yote, kishikio kimebaki kama kipande cha sabuni kilichotumika.

"Zimekaa vizuri," alisema.

"Kweli? Usinionee haya, we niambie tu."

"Nikufiche ya nini, mwenzangu? Nzuri. Mpaka nakuonea wivu."

Hui-lan alicheka, akamkatia nusu ya biskuti yake. Su-e akaila. Ilikuwa tamu, na hilo nalo likamuudhi.

Mchana ule baada ya chakula taa zilizimwa kama kawaida, kila mtu akalaza kichwa kwenye mto wake juu ya meza. Su-e hakulala. Alifungua faili la Hui-lan kwenye kompyuta ya pamoja, ambako kazi zote za chumba zilihifadhiwa, kwa kuwa alitaka kuitazama ile aibu kabla haijatokea. Akakigeuzageuza kishikio. Kilikuwa kizuri, kibaya chake ni zile kingo tu, na roho ikamuuma. Akatamani kuona kingekuwaje kama kingekuwa chake. Akazibofya kingo, akaifuta ile nusu, akaandika moja na robo. Kwenye skrini zikawa nene, za kishamba kidogo, kama zinavyotakiwa kuwa kabla ya gurudumu la A-hok. Kichwani mwake akakisugua, akakipaka kromu, akakiona kimekamilika. Akabaki anakitazama.

Ghafla taa zikawaka. Su-e alishtuka, na vidole vikafanya walichofanya kila siku wachoraji wote wa chumba kile, maana programu yao ilikuwa na tabia ya kuganda bila taarifa: vikahifadhi, vikafunga. Hui-lan aliinua uso wenye alama ya mto shavuni, akapiga miayo. Alasiri akalituma faili kwa mafundi bila kulifungua tena. Si alikwisha kuambiwa ni zuri?

Siku ya kuonyesha sampuli Su-e alikuja ameandaa uso wa huruma, na maneno yake pia: pole mdogo wangu, hutokea. Bosi Tan alikiweka kishikio katikati ya vikombe vya chai. Mjerumani akakichukua, akapitisha kidole gumba ukingoni. Ukingo ulikuwa umesimama, mwembamba, mwanga umelala juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Akatikisa kichwa kukubali.

Hui-lan alikipokea, akakigeuza mara mbili, amekunja uso. "A-hok kanisitiri," alisema taratibu. "Nasikia gurudumu lake hula kingo, lakini hapa halikula kitu."

Kikamfikia Su-e. Kidole kiliutambua ukingo kabla ya akili, kama mama anavyomtambua mwanawe aliyevaa sare ya shule nyingine. Moja na robo. Katika maisha yake hakuwahi kukata ukingo mzuri kama ule. Angesema nini sasa? Kwamba aliingia katika faili la mwenzake ili aionje aibu yake? Na alipoulizwa kwa mdomo, alijibu nini?

"Ushike vizuri, Su-e, usione haya," alisema Bosi Tan, na kiti cha dirishani kilikuwa kimekwisha kupata mwenyewe. "Hivyo ndivyo kingo zinavyokatwa. Jifunze kwa mwenzio."

Wivu ukampanda, wivu wa kazi ya mkono wake mwenyewe.

"Ndiyo, bosi," akasema, akakirudisha kishikio mkononi mwa Hui-lan.