Kwa Hiari Yetu Wenyewe

Mume wangu alikuwa na mwandiko mzuri, na hilo ndilo lililotuponza. Kabla ya London alikuwa karani wa shule Morogoro, na mpaka leo hawezi kuandika hata orodha ya vitu vya dukani bila kuweka tarehe juu na sahihi chini. Kwa hiyo mwenye nyumba wetu alipotuambia kwamba anauza nyumba, na kwamba baada ya miezi miwili tuwe tumetoka, mume wangu alikaa kitandani na kalamu akaanza kuandika barua ya kuaga.

Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Jinja. Kiswahili alijifunza kwa wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, na alikipenda kuliko tulivyokipenda sisi. Nyumba yake ilikuwa Thornton Heath, mwenyewe akiishi Neasden, upande wa pili wa jiji, na kila mwisho wa mwezi alikuja kuchukua kodi, akakaa jikoni kwetu anywe chai na kutuuliza habari za nyumbani. Tulipanga kwake chumba kimoja cha juu. Mama yangu alipofariki na mimi nikashindwa kwenda kumzika, mzee alikuja na mkewe, wakaketi sakafuni pamoja nami saa nzima bila kusema lolote. Sasa mtu wa namna hiyo akikuambia anauza nyumba, huku macho ameyaelekeza kwenye kikombe, utafanya nini?

Kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, walituambia la kufanya. Mshahara wa mume wangu wa kutunza wazee na wangu wa kusafisha maofisi haikutosha hata tukiiunganisha, kwa hiyo sehemu ya kodi tulilipiwa na kaunsili, na ilibidi tuwaarifu kwamba tunahama. Kijana wa kaunta alimwambia mume wangu tusihame. Tukae palepale. Mzee aende mahakamani, hakimu atoe amri, dalali wa mahakama aje mlangoni, ndipo turudi kwao na mabegi yetu tuhesabiwe kuwa watu wasio na makazi. Mume wangu alirudi anacheka. Mimi nilikasirika. Nilisema watu hawa wana wazimu: mtu mzima amekuomba kwa adabu umwachie nyumba yake, wewe umburute mahakamani na mvi zake? Nilikokulia mimi, mwenye nyumba akishasema, unafunga mizigo, unafagia uwanja, unakabidhi ufunguo kabla hajauliza mara ya pili.

Ndivyo tulivyofanya. Tuliondoka wiki mbili kabla ya siku aliyotupa. Nilisugua kuta kwa sabuni na kuchokonoa mafuta ya jiko kwa kijiti. Na ile barua, jamani, ile barua ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili. Ilimshukuru mzee kwa wema wake, ikamshukuru mkewe, na ili asibaki na uzito moyoni ikasema kwamba tunaondoka kwa hiari yetu wenyewe, hatukufukuzwa wala hatukushurutishwa na mtu. Mzee aliisomea mlangoni. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaisoma tena. Nakala yake mume wangu aliitia kwenye faili la bluu, maana karani haachi barua itoke bila nakala.

Tulidhani tungepata chumba kingine ndani ya wiki mbili. Nilikuwa nanunua gazeti la matangazo asubuhi, nikimaliza kazi naingia kwenye kibanda cha simu na sarafu zangu. Kila niliyempigia aliuliza kwanza kama kodi italipwa na kaunsili. Nikisema ndiyo, chumba kilikuwa kimeshachukuliwa. Nikisema hapana, alitaka kodi ya mwezi mmoja mkononi na dipoziti ya mwezi mmoja na nusu juu yake, fedha ambazo hatukuwahi kuziona mahali pamoja.

Na hakuna aliyeweza kutupokea sisi wawili. Watu wetu walikuwa wakarimu, lakini waliishi vyumba viwili na watoto wanne, na kumlaza mtu na mkewe sebuleni, watoto wa watu wakipita kwenda chooni, ni jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulitoa wala sisi kulipokea. Kwa hiyo tuligawanywa. Mume wangu alibaki Thornton Heath, kwenye kochi la Mkongo mmoja aliyefanya naye kazi. Mimi nilikwenda Barking, mashariki mwa jiji, kwa dada mmoja tuliyetoka naye mji mmoja, nikalala kitanda kimoja na binti yake wa miaka tisa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilijipa jembe siku ya kwanza. Nilifua, nikapika, nikaosha vyombo ambavyo havijachafuka. Sikuweza kukaa. Nikikaa, mguu wangu wenyewe ulianza kutikisika, na dada akiutazama nilisimama nikatafuta ufagio. Jumapili moja tukila, yule binti, ambaye Kiswahili alikielewa chote lakini hajawahi kunijibu kwacho, alimgeukia mama yake. "Mum, when is Auntie going to her own house?" Yaani nitakwenda lini kwangu. Mama yake alimfokea mpaka mtoto akalia. Mimi nilimwona mtoto yule ndiye mtu pekee mle ndani aliyesema alichokiona. Nilijifanya namcheka, kisha nikaenda bafuni nikafungulia maji.

Kila Jumamosi tulikutana, mume wangu na mimi, London Bridge. Hatukuwa na pa kwenda. Tulipanda basi lolote lililokuja, tukakaa ghorofa yake ya juu, kiti cha mbele, tukaenda mpaka mwisho wa njia na kurudi. Alikuwa ananiletea chapati zilizofungwa kwenye karatasi, alizopika mke wa yule Mkongo. Mwanzoni tulizungumza sana. Mwezi wa tatu tulikuwa tunatazama madirisha ya watu, ghorofa ya kwanza, mtu anapiga pasi, mtu anamvisha mtoto soksi, na mimi niliwachukia wote. Niliogopa jambo moja, nikalisema: kwamba tukiendelea hivi tutakuwa watu wanaofahamiana tu. Mume wangu alisema ninakuza mambo. Lakini siku hiyo tulipoagana alinipa mkono, kama mtu anayeagana na mkuu wa shule, na hakutambua alichofanya.

Ndipo mama mmoja wa kanisani aliponiambia kuna msaada wa dipoziti. Kaunsili haikupi fedha. Inampa mwenye nyumba karatasi ya dhamana, kwamba mpangaji akiharibu wao watalipa, na kodi wanaendelea kukuchangia kama zamani. Nilimtafuta mwenye nyumba wa kuikubali karatasi hiyo kama mtu anayetafuta mganga. Nikampata Thornton Heath, mama wa Kighana mwenye duka la viazi vikuu na samaki wakavu. Juu ya duka palikuwa na vyumba viwili, harufu ya samaki imeingia mpaka kwenye mapazia. Nilisimama katikati ya kile chumba cha nyuma na mguu wangu ukatulia. Yule mama alisema atatushikia mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata, zaidi ya hapo atampa mtu mwenye fedha taslimu.

Kaunsili walitupa miadi Jumatatu. Afisa alikuwa dada kijana, mpole, mwenye kucha za zambarau. Aliangalia karatasi zetu za mshahara, akaangalia cheti cha ndoa, akaandika. Kisha akauliza kwa nini tulitoka nyumba ya kwanza. Na mume wangu akatabasamu, akafungua faili la bluu, akatoa nakala ya barua yake na kumkabidhi kwa mikono miwili, ili dada yule aone sisi ni wapangaji wa namna gani.

Aliisoma mara mbili. Akauliza kama ni yeye mwenyewe aliyeiandika. Mume wangu akasema ndiyo, akashukuru. Dada akaenda kutoa nakala ya nakala, akarudi, akatueleza taratibu kabisa kwamba mtu anayeacha makazi yake kwa hiari hasaidiwi na mpango ule, na kwamba kama kweli mwenye nyumba alitutaka tutoke, yeye mwenyewe aandike hivyo na kutia sahihi. Bila hiyo asingeweza kutusaidia.

Tuligombana kwenye ngazi za kaunsili, watu wakipita. Alisema mimi ndiye niliyeng'ang'ania tuondoke. Nilimuuliza nani alimtuma aandike riwaya. Alisema Neasden haendi, hawezi kumtazama mzee usoni na ombi kama hilo. Basi nikaenda mimi, Jumatano, nikitoka kazini, na ndoo ya mawazo kichwani.

Mzee alifurahi kuniona mpaka nikaona vibaya. Aliniita binti, akaniweka kwenye kiti chake, mkewe akaleta chai na chevda, vile vitafunio vyao vya dengu na njugu. Kabla sijasema neno, aliinuka akafungua kabati la vyombo, na kutoka kwenye pochi walimoweka pasi zao za kusafiria akatoa barua yetu. Alisema ameionyesha kwa wanawe. Wao pia wana nyumba za kupangisha, na wapangaji wao huwaandikia kupitia kwa mawakili. Yeye ameandikiwa hivi.

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, kwa kurukaruka, mara Barking, mara samaki, mara kucha za zambarau, lakini alielewa. 

"Unataka niandike kwamba mimi niliwafukuza," alisema.

"Kwamba ulituambia tutoke, mzee."

Aliigonga barua kwa kidole. "Na hii, basi, ni nini?"

"Hiyo ni adabu."

"Na hiyo ingine unataka?"

"Hiyo ndiyo kweli," nilisema, na nilipolisikia neno lile limetoka nilitamani kulirudisha.

Hakukasirika. Alisema karatasi za namna hiyo anazijua, hata yeye alipewa moja kule Jinja, Wahindi walipofukuzwa Uganda, na aliyempa alikuwa kijana mwenye shati safi ambaye baba yake alikuwa mteja dukani kwao. Alisema siku ile aliapa kwamba yeye hatampa mtu karatasi kama ile. Alipotuambia anauza nyumba hakulala, mpaka barua yetu ilipofika ndipo akalala. Nilikaa na kikombe changu. Ningeweza kumwambia basi mzee, yaishe, na kuondoka. Heshima ilinitaka nifanye hivyo, na wakati mwingine wowote ningefanya. Lakini niliona mkono wa mume wangu unanyooshwa pale London Bridge kuniaga, na nikabaki kwenye kiti. Sijawahi kukaa sana kwenye nyumba ya mtu ukaribisho ukiwa umekwisha kama nilivyokaa siku ile.

Mkewe ndiye aliyesema kitu, kwa Kigujarati, maneno machache. Mzee akainuka. Aliandika akiwa amesimama, juu ya kabati, mistari mitatu: kwamba aliwataka wapangaji wake watoke, na hawakuwa na hiari. Akatia sahihi. Kisha akanipa karatasi ile pamoja na barua yetu.

"Chukua zote," alisema. "Mbili haziwezi kukaa nyumba moja."

Nikachukua. Alinisindikiza mpaka mlangoni kama kawaida yake, lakini binti hakuniita tena. Kwenye treni niliona aibu, nikaona na furaha, na aibu haikuishinda furaha. Hilo linanisumbua mpaka leo. Sikurudi Neasden. Mara mbili nilinunua kadi ya kumpelekea, na mara mbili nilikosa cha kuandika.

Yule afisa alihitaji dakika tano tu. Alhamisi dhamana ilikuwa tayari, Ijumaa mama wa Kighana alinipa funguo mbili. Moja nilimpelekea mume wangu kazini kwake, nikampa kwenye kizingiti cha jumba la wazee, naye akaitia mfukoni na kurudi kwa mgonjwa wake. Mimi nilihamisha vitu vyangu kutoka Barking kwa basi, safari mbili. Dada alilia kidogo. Yule binti alinibebea begi mpaka kituoni na kunipungia mkono kwa furaha yote.

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimeshatandika kitanda, nimebandika wali, nimefungua madirisha yote. Nilisikia miguu ya mume wangu kwenye ngazi. Naijua miguu yake. Ikafika mlangoni ikasimama. Nikangoja nisikie ufunguo.

"Hodi," akasema.

Nilidhani ananitania. Nikamjibu kutoka jikoni kwamba ufunguo anao, aingie. Hakuingia. Nikaenda nikafungua. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka mlangoni, begi mkononi, viatu ameshavivua na kuvipanga ukutani, vizuri, pembeni, visimzuie mtu kupita. Miezi minne alikuwa mgeni, na alikuwa mgeni mwema. Nikamwambia aache upuuzi, hapa ni kwake. Akasema anajua. Akatazama ndani, kisha akanitazama mimi, na nikaona hawezi kunyanyua mguu.

"Karibu," nikamwambia.

Ndipo akaingia.