Mtungi Juu ya Jiko la Mjomba

Gereji ya mjomba wangu ilikuwa Gatitu, pale barabara inapouacha mji wa Nyeri, na kila aliyefanya kazi humo alipigwa. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani nakumbuka siku tamu za ujana. Tulipigwa kwa mkanda wa feni, ule wa raba, kwa sababu daima ulikuwa karibu na haukuwahi kuvunjika. Ukiangusha spana, mkanda. Ukichelewa kwa sababu ya matope ya kwetu Tetu, mkanda. Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa mtu mzima kutoka magharibi, mwenye mke na watoto huko kwao, na hata yeye alipigwa. Alikuwa akisimama na kutazama ukuta mpaka mjomba achoke. Kumtazama akipigwa kuliniuma kuliko kipigo changu mwenyewe.

Mimi nami sikuwa mtoto. Nilikuwa na ndevu na nilikuwa nimetoka Mombasa, ambako nilijifunza kutengeneza mitambo ya kupoza hewa ndani ya magari. Uhuru ulikuwa umeshazoeleka, na wale walionufaika nao walikuwa wameanza kununua magari yenye mitambo hiyo. Mama ndiye aliyeniita nirudi. Alisema kaka yake amefungua gereji na hana mtu wa kazi hiyo, na kwamba ni aibu kufanyia wageni kazi ilhali kwenu kupo. Nikarudi, na wiki hiyo hiyo nikaonja mkanda.

Mtu wa kwingine ataniuliza kwa nini sikumrudishia. Kwetu mjomba, kaka wa mama, hapigwi. Wewe na baba mnaweza kugombana, mkavunjiana fimbo, wazee wakawapatanisha kwa kibuyu cha pombe. Mjomba ni kitu kingine. Baraka yake ndiyo inayokutoa utotoni, na laana yake hakuna wa kuiondoa ila yeye mwenyewe. Kule kwetu palikuwa na mtu aliyemsukuma mjomba wake wakigombania malisho, na watu walimtaja kwa sauti ya chini. Hakuna aliyempa binti yake, na mama yake hakukanyaga tena kwao, hata siku ya kumzika baba yake mzazi. Hilo ndilo lililonining'inia kichwani. Ningeinua mkono siku moja tu, mimi nisingeoa na mama asingekuwa na kwao. Mjomba alilijua hilo vizuri sana, ndiyo maana alinipiga kuliko wengine.

Sasa, mtu mwenye akili zake anataka mtambo wa kupoza hewa wa nini Nyeri, mahali ambapo Julai hata ng'ombe anatoa moshi puani? Mheshimiwa mmoja aliitaka, na alikuwa na sababu. Alikuwa amechukua shamba kubwa upande wa Naro Moru, akawatoa watu waliokuwa wakiishi humo, na nyumba zao zikachomwa asubuhi moja wakitazama. Tangu hapo kila alipopita na gari lake la Kijerumani, wanawake walimsubiri kando ya barabara wakiwa na kinyesi cha ng'ombe na mawe. Ikabidi afunge vioo. Lakini funga vioo katika baridi ya Julai, mkiwa watu wanne mnapumua, uone kama dereva ataona barabara. Vioo vinalowa ukungu, ukipangusa unarudi. Ule mtambo unaosifiwa kwa kupoza hewa unaikausha pia, na ukungu unaondoka. Mheshimiwa alitaka aone njia bila kufungua dirisha.

Siku gari lilipoletwa, nilifungua mbele nikakuta jiwe. Lilikuwa limepita kwenye matundu ya mbele likajikita katika kondensa, ile iliyokaa mbele ya rejeta kama rejeta ya pili. Mrija wake ulipasuka, gesi ikatoka na mafuta yake pamoja, na dereva kwa ujinga au kwa woga akaendelea kuendesha mtambo ukiwa mkavu mpaka kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, ikasagika ndani. Nililing'oa lile jiwe kwa bisibisi. Lilikuwa na ukubwa wa kiazi cha kuchemsha, na sitaficha, nilimpenda aliyelitupa.

Vipuri vilitoka Nairobi. Nikabadilisha kondensa, nikabadilisha kompresa, nikaosha mabomba yote yaliyokuwa na unga wa chuma, nikatia kichungi kipya cha kukausha unyevu na pete mpya za mpira kwenye kila kiungo. Halafu nikanyonya hewa yote kwa pampu mpaka mshale wa geji ukalala chini ukatulia. Hiyo ni kazi safi, na mpaka hapo naitetea mbele ya fundi yeyote. Ilibaki kujaza gesi tu. Unaunganisha mpira kutoka kwenye mtungi mpaka kwenye geji, unawasha injini, na mtambo unajivutia wenyewe.

Mombasa gesi inakimbia kuingia. Nyeri siku ile ukungu ulikuwa umelala mpaka kwenye mlango wa gereji, na gesi ikagoma. Mtungi uliota barafu kwa nje, mshale ukanyanyuka kidogo ukakwama. Dawa yake naijua, maji ya vuguvugu kwenye karai, yale unayoweza kumwoshea mtoto mchanga, unauweka mtungi humo na gesi inaamka. Nikabandika sufuria.

Hapo ndipo mheshimiwa alipofika. Hakusalimia. Alikuwa na fimbo nyeusi, na akaja nayo moja kwa moja kwa mjomba.

"Gari yangu uliniahidi nini?"

"Mkubwa, tuko karibu kumaliza, karibu kabisa..."

Akampiga nayo shavuni. Halikuwa pigo kubwa, lilikuwa la kudharau, kama mtu anavyofukuza mbuzi kwenye mboga. Mjomba, yule dubwana tuliyemwogopa, akatabasamu. Alitabasamu na alama nyekundu ikimchora usoni, akamwambia mkubwa aende hotelini anywe chai, akimaliza atakuta gari tayari. Mheshimiwa akaondoka. Mjomba akageuka kututazama, na mimi na fundi wa kuchomelea tukajua kwamba ile fimbo lazima ipate mahali pa kwenda.

"Wewe, hii kitu iko na shida gani?"

"Gesi imeshikwa na baridi, anko. Ngoja maji ipate moto kidogo tu."

"Ati maji! Rori ya dizeri tunawashia moto chini ya tumbo kira asubuhi, umewahi kuona imeruka?"

Na kweli, hivyo ndivyo tulivyofanya. Magereji yote ya kule juu yalikuwa na jiko la makaa katikati ya sakafu. Nati ikikataa, motoni. Betri ikizubaa, karibu na moto. Lori likikataa kuwaka, unasukuma makaa chini ya sampu, lile bakuli la mafuta tumboni mwake, mpaka injini ilainike. Watu waliozaliwa chini ya mlima wamefunzwa na baridi kwamba hakuna kitu kisichotii moto. Mjomba akauinua mtungi, mpira wake ukiburuta, akaitua sufuria yangu chini, akausimamisha juu ya jiko.

Nikamwambia, "Anko, hiyo si lori. Hiyo itapasuka."

Mkanda ukanipata shingoni.

Na ubaya ni kwamba mwanzoni ilifanya kazi. Barafu ikayeyuka, mshale ukapanda, kompresa ikabadilisha mlio, na ndani ya gari hewa ikaanza kutoka baridi na kavu. Mjomba alicheka kwa furaha. Akaniita nione, akanishika kisogo akanisukumia uso karibu na geji. "Umesomea Mombasa unaretea mimi maringo. Soma hapo! Soma!" Mtambo ulipojaa, akaufunga mtungi kwa mkono wake ili gesi isipotee bure. Akazima injini. Halafu, kwa kuwa jiko lilikuwa pale na baridi ilikuwa pale, akachuchumaa akaanza kuota moto, na mtungi uliofungwa ukabaki juu ya makaa.

Kila mtungi wa namna ile una kizibo kidogo cha kuokoa maisha, presha ikizidi kinaachia. Cha mtungi wetu kilikuwa kikivuja, na miezi kadhaa nyuma, mtungi ukiwa mtupu, mjomba alimwamuru fundi wa kuchomelea akizibe. Fundi alikataa, akachapwa, akakiziba. Sasa fundi yuleyule alikuwa amesimama upande wa pili wa jiko ananitazama, na wote wawili tulikuwa tunawaza kizibo kimoja.

"Anko, toa hiyo mtungi. Tafadhali."

"Nitoe na mkono? Si unaona ni moto? Itapoa yenyewe."

"Itapoaje na iko kwa jiko!"

Nikakimbilia sufuria ya maji nimwagie makaa. Akasimama, akaipiga teke sufuria mikononi mwangu, maji yakanimwagikia miguuni. Akaanza kunipiga pale pale, usoni, mgongoni, mkanda ukivuma, na kila pigo alikuwa akisema neno la yule mheshimiwa: "Gari yangu! Uliniahidi! Nini!" Nyuma yake rangi ya mtungi ilikuwa inafura na kupasuka kama ngozi iliyoungua. Kitako chake kilikuwa kimeanza kuvimba. Fundi alipiga ukelele kwa lugha yake ya mama.

Nilimpiga mjomba. Nilimpiga ngumi ya mdomo kwa nguvu zangu zote, na sitasema nilifanya hivyo kwa upendo. Nilikuwa na hasira za miezi mingi, na zote zilikuwa kwenye ngumi ile. Alianguka chali nyuma ya lori lililoegeshwa, nami nikaanguka juu yake, na mtungi ukapasuka.

Sikusikia mlio. Nilihisi sakafu ikiruka. Makaa yalitawanyika gereji nzima, mabati ya paa yakatoboka, na kioo cha mbele cha gari la mheshimiwa, ambacho wanawake wa Naro Moru walikuwa wamekihangaikia msimu mzima, kikaporomoka chote kwenye viti. Kipande cha chuma kilimwingia fundi kwenye ugoko kikavunja mfupa. Ile gesi haina harufu, lakini ikipita kwenye moto inageuka sumu, na tulitambaa kutoka nje tukitapika, koo zikiwaka. Nilimvuta fundi kwa makwapa. Damu yake ilichora mstari mpaka kwenye nyasi za barabarani. Mguu ule haukupona vizuri, na baada ya hospitali alipanda basi kurudi kwao na hatukumwona tena.

Mjomba alitoka mwenyewe. Pale alipokuwa amesimama akinipiga, sakafu ilikuwa imechimbika. Alipatazama, akanitazama, akagusa mdomo uliopasuka. Nikangoja. Kweli kabisa nilidhani atanishukuru.

"Umenipiga," akasema. "Wewe, mtoto ya dada yangu. Umenipiga."

Habari ilifika Tetu kabla yangu. Ikaamuliwa niende kwa mjomba na kondoo dume ili atakaswe na mimi niondolewe kosa, kama akikubali. Kondoo alimtoa mama, wa pekee aliyekuwa naye. Hakunigombeza wala hakunitetea. Alitembea mbele yangu njia nzima kati ya mashamba ya chai akivuta kamba.

Wazee wa ukoo wa mama walikuwa wamekaa uani na pombe ya muratina kwenye pembe. Mama alimfunga kondoo nje ya boma, akaingia jikoni kuwasaidia wanawake, kama desturi. Nikasimama mbele ya mjomba. Alipaswa kupiga funda la pombe, anitemee kifuani na kwenye mkono uliokosa, aseme yamekwisha, ndipo kondoo achinjwe. Mdomo wake ulikuwa bado umevimba.

"Ni mkono gani?"

Nikampa wa kulia. Akaushika kwa mikono yote miwili, taratibu kama mtu anayebariki, wazee wakainamisha vichwa. Halafu akakikamata kidole gumba akaanza kukirudisha nyuma. Alikuwa na nguvu za mtu aliyefungua nati maisha yake yote. Alinisogelea akasema polepole, "Hii haitashika spana tena." Nilisikia kidole kikialika. Nisingeweza kuunyakua mkono wangu, maana kuunyakua ni kukataa baraka, na mama angekosa kwao hapo hapo. Wazee waliona. Mmoja aligeuza uso akawatazama kuku.

Nilipiga goti kwa maumivu, na ndipo nikaona mlango wa jikoni ukifunguka. Mama yangu hajawahi kupaza sauti mbele ya kaka yake. Alipita kati ya wazee akiwa na mwiko wa kusongea, mzito, ugali ukiwa bado umeganda, akampiga nao mdomoni, juu ya jeraha nililompa mimi. Akampiga tena masikioni mpaka akaniachia, pembe za pombe zikamwagika, na hakuna mzee aliyeinuka.

"Mimi ulinichapa mpaka nikaolewa," akamwambia. "Huyu hapana."

Akautupa mwiko chini, akatoka nje ya boma, akamfungua kondoo wake.